Mbona 24 Mei Haiko kwa Kalenda? Siku Jeshi la Uganda Lilivamia Kasri la Kabaka

Siku moja utaenda Kampala na mabeshte. Wengi wetu huenda kujibamba tu: muziki, rolex ya kando ya barabara, halafu basi la usiku kurudi Nairobi. Lakini kabla hujarudi kuna kitu nataka uone. Panda boda, mwambie jamaa akupeleke Mengo.

Kuna barabara hapo inaitwa Kabaka Anjagala. Imenyooka kutoka lango la Lubiri, kasri la mfalme wa Buganda, hadi Bulange, jumba la bunge lao linaloitwa Lukiiko. Njiani kuna raundabauti, na hiyo raundabauti ina geti zinazokata katikati yake. Kabaka akipita, geti zinafunguliwa aende moja kwa moja. Wengine wote wanazunguka.

Sasa kumbuka mara ya mwisho ulikwama kwa jam juu ya msafara wa mkubwa fulani. Makarao wamefunga barabara, mat imezima injini, na wewe una intavyuu saa tatu. Mfalme ana geti kwa raundabauti. Mwanasiasa ana barabara nzima, na bunduki za kuilinda. Shika hiyo tofauti, tutairudia.

Ukiingia ndani ya Lubiri, jamaa wa kutembeza wageni atakupeleka hadi vyumba vya giza ambako watu walifungiwa na wakafa enzi za Idi Amin. Muulize swali moja tu: jeshi lilifikaje kwa boma la mfalme? Atakutajia tarehe. 24 Mei 1966.

Ukihesabu hadi 24 Mei 2026 ni miaka 60 kamili. Na hiyo tarehe hutaipata kwa orodha ya holide za Uganda.

Tarehe moja, majina manne

Kabla tuwacheke majirani, tujiangalie. Unajua 10 Oktoba ni siku ya nini? Mzazi wako atakuambia ni Moi Day. Katiba ya 2010 ikaiacha nje. Mwaka wa 2017 Mahakama Kuu ikasema bado iko kwa sheria, ikarudi. Halafu ikaitwa Huduma Day. Halafu Utamaduni Day. Sahii ni Mazingira Day na tunaambiwa tupande miti. Tarehe ni ile ile, holide ni ile ile, majina manne.

20 Oktoba nayo ilikuwa Kenyatta Day, juu ndiyo siku Jomo alikamatwa na wakoloni mwaka wa 1952. Leo ni Mashujaa.

Sisemi majina mapya ni mabaya. Miti ni poa. Nachosema ni kwamba ukiona mtu anaweza kubadilisha jina la siku mara nne na wewe bado unaiita holide, basi hiyo siku haikuwa yako. Ilikuwa yake. Wewe ulipewa tu ruhusa ya kulala.

Serikali yoyote inafanya hivyo. Kalenda ni kama ukuta wa ofisi: mwenye ofisi ndiye anaamua picha ya nani itundikwe. Sasa angalia ukuta wa Uganda.

26 Januari ni holide, juu siku hiyo mwaka wa 1986 jeshi la Museveni lilichukua Kampala. 9 Oktoba ni holide, siku ya uhuru, 1962. 9 Juni ni ya mashujaa. Na 3 Juni ni ya mashahidi wa Uganda, ile ya Namugongo, ambayo Wakenya kibao huenda kila mwaka, wengine kwa miguu siku nyingi.

Kaa hapo kwa 3 Juni kidogo. Hao mashahidi waliuawa na nani? Na Kabaka. Kabaka Mwanga ndiye aliamuru vijana Wakristo wa kwake wachomwe na kukatwa, kati ya 1885 na 1887. Ilikuwa unyama, na wanastahili kukumbukwa.

Lakini cheki hesabu. Siku mfalme aliua watu ni holide ya taifa. Siku taifa liliua watu wa mfalme, siku kumi tu kabla kwa kalenda, ni siku ya kazi kama kawaida. Watoto wanaenda shule, maduka yanafunguliwa, wazee wa Mengo wanabaki na kumbukumbu zao. Hiyo si bahati mbaya.

Mfalme aliyefukuzwa mara mbili

Stori yenyewe ni hii. Kabaka Edward Mutesa II alifukuzwa kwa nchi yake mara mbili, na ukijua waliomfukuza utaelewa mbona mimi siamini hadithi tamu za uhuru.

Mara ya kwanza ilikuwa Novemba 1953. Waingereza walikuwa wameanza kuongea juu ya kuunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika kuwa shirikisho moja. Waganda wakashtuka. Kenya ya wakati huo ilikuwa ya masetla, na hakuna mtu Mengo alitaka kutawaliwa na wazungu wa Nairobi. Mutesa akakataa, akadai Buganda ipewe njia yake. Gavana Andrew Cohen akamweka kwa ndege hadi Uingereza. Watu wakagoma moyoni, wakalia, wakasumbua hadi Oktoba 1955 akarudishwa.

Uhuru ukaja 9 Oktoba 1962. Milton Obote wa UPC akawa waziri mkuu kwa kusaidiwa na chama cha Kabaka Yekka, yaani "Kabaka Pekee". Mwaka mmoja baadaye Mutesa akafanywa rais wa Uganda, rais wa heshima tu bila nguvu za kuendesha serikali. Kwa karatasi ilikaa fiti: mfalme ana heshima, mwanasiasa ana kazi.

Haikukaa. Novemba 1964 watu wa Buyaga na Bugangaizi walipiga kura kuamua kama watabaki Buganda au watarudi Bunyoro. Walichagua Bunyoro, na urafiki wa Obote na Mengo ukaisha. Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng akasimama bungeni akauliza maswali kuhusu dhahabu kutoka Congo na akaunti ya benki ya afisa mmoja wa jeshi, Idi Amin. Bunge likataka uchunguzi. Obote alijibu aje? Tarehe 22 Februari aliita kikao cha mawaziri, makarao wakaingia, mawaziri watano wakatolewa wakiwa wamefungwa pingu za dola. Siku mbili baadaye akasimamisha katiba.

15 Aprili 1966 akaleta katiba mpya. Wabunge waliambiwa wapitishe kwanza, nakala watazikuta kwa masanduku yao ya barua. Si mzaha, hadi leo inajulikana kwa jina hilo, katiba ya sanduku la barua. Kwa hiyo katiba Obote akawa rais mwenye nguvu zote.

Lukiiko ikajibu 20 Mei: serikali ya Uganda itoke kwa ardhi ya Buganda kabla mwezi uishe. Obote akasema huo ni uasi. Pia alimlaumu Mutesa kwa kuongea na mabalozi kuhusu msaada wa majeshi ya nje, na Mutesa mwenyewe hakukana. Asubuhi ya 24 Mei, jeshi likiongozwa na Amin lilivamia Lubiri.

Walinzi wa Kabaka walikuwa wachache lakini walikaza kwa masaa mengi. Kisha mvua kubwa ikanyesha, ile ya Kampala unayoijua, hakuna anayeona mbele. Mutesa akapanda ukuta, akaruka, akaumia mgongo, akasimamisha teksi. Mfalme wa zaidi ya watu milioni moja alihepa kwao kwa teksi. Alipitia Congo na Burundi hadi London. Kasri liliporwa na kuchomwa. Kuhusu waliokufa, serikali ilitaja makumi. Upande wa Mengo umekuwa ukisema ni mamia na zaidi.

1967 Obote akafuta falme zote: Buganda, Bunyoro, Toro, Ankole. Lubiri ikawa kambi ya jeshi. Bulange ikawa makao makuu ya wizara ya ulinzi. Mutesa akafa London, 21 Novemba 1969, siku mbili baada ya kufikisha miaka 45.

Wakoloni walimfukuza wakamrudisha. Serikali ya watu wake ilimfukuza akarudi ndani ya jeneza.

Kiti cha heshima, kiti cha bunduki

Hapa ndipo sisi Wakenya tunaingia. Utaniambia: hiyo ni ya Uganda, sisi hatukuwa na mfalme. Kweli, isipokuwa pande kama Wanga kwa Nabongo, wengi wetu babu zetu waliongozwa na wazee. Lakini kitu alichofanya Obote 15 Aprili 1966, sisi tulikuwa tumeshakifanya, na tunakisherehekea kila mwaka kwa gwaride.

Uhuru wetu ni 12 Desemba 1963. Lakini kwa mwaka mmoja hivi kichwa cha nchi kilikuwa bado Malkia Elizabeth, na Jomo Kenyatta alikuwa waziri mkuu. 12 Desemba 1964 tukawa jamhuri. Malkia akaenda, na mimi simlilii, hakuwa wetu. Swali ni kiti chake kilienda wapi.

Kingeweza kupewa mzee asiye na chama. Kingeweza kupewa baraza la wazee wa jamii zote. Badala yake kiti cha heshima kiliunganishwa na kiti cha bunduki, na vyote akakalia mtu mmoja. Mwezi mmoja kabla, KADU ilikuwa imejivunja na kuingia KANU. Nguvu za majimbo zikanyofolewa. Kufikia 1969 KPU ya Jaramogi ilikuwa imepigwa marufuku, na kufikia 1982 sheria yenyewe ikasema chama ni kimoja tu.

Hiyo ndiyo Jamhuri Day, ukiitoa maua. Ni birthday ya prezo mwenye kila kitu.

Watu wakisikia "mfalme" wanafikiria jamaa wa dhahabu anayepiga watu viboko. Mimi nikisema nafagilia ufalme, namaanisha kitu kidogo kuliko hicho: kuwe na kiti kimoja kwa nchi ambacho mwanasiasa hawezi kukinunua, kukipigania wala kukifikia. Akiinuka asubuhi awe na mtu wa kumheshimu ambaye hakumteua. Buganda ilikuwa na kitu kama hicho, na si kwa bahati tu. Kabaka huhesabiwa kwa ukoo wa mama yake, wakati Waganda wengine wote hufuata baba, kwa hivyo hakuna ukoo mmoja ungeweza kushika kiti milele. Wazee wa koo walikuwa na sauti kabla Uganda haijapewa jina.

Serikali ikishaua kitu kama hicho, ni nani atasema "hapana" bila kuomba ruhusa kwake?

Nyundo haichagui kichwa

Jibu Obote alilipata haraka. Alimfundisha Amin kwamba ukiwa na kifaru, huhitaji katiba. Amin alishika somo vizuri sana. 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alimpindua.

Na unajua moja ya mambo ya kwanza Amin alifanya kujipendekeza? Alirudisha mwili wa Mutesa kutoka London ukazikwa Kasubi kwa heshima. Yule yule aliyevamia kasri. Watu walimshangilia barabarani. Baada ya hapo ikaja miaka minane ambayo makadirio ya waliouawa yanafika 300,000, na baadhi yao ni wale wa vyumba vya Lubiri.

Burundi ilipita njia ile ile mwaka ule ule. 28 Novemba 1966 Kapteni Michel Micombero alimwondoa mfalme Ntare V akatangaza jamhuri. 1972 Ntare akauawa, na serikali ya Micombero ikaua maelfu kwa maelfu ya Wahutu. Sisemi falme zingezuia kila kitu. Nasema walioahidi kwamba taji likitoka raia atapumua, hawakutimiza.

Najua utasema nini

Utasema: na Mwanga je? Nimeshamtaja. Utasema: na mashamba? Uko sawa. Mkataba wa 1900 na Waingereza uliwapa Kabaka na wakubwa wake ardhi kubwa ya mailo, na wakulima wengi wakajikuta wapangaji kwa shamba walilolima. Utasema: na Bunyoro? Pia uko sawa. Buganda ilipata kaunti za wenzao kwa kupigana upande wa mkoloni, na ndiyo maana watu wa Buyaga walipiga kura kuondoka. Mengo ilipaswa kukubali hiyo kura kiungwana. Kumweka Kabaka kwa kiti cha urais pia ilikuwa makosa, juu ilimvuta kwa matope ya siasa.

Na utasema: Eswatini je? Mswati III ana taji na ana jeshi, na 2021 vijana walioandamana huko walipigwa risasi. Hiyo ndiyo pointi yangu kabisa. Mfalme mwenye bunduki ni prezo tu aliyevaa taji. Shida ni bunduki na heshima kukaa kwa mkono mmoja, na haijalishi huo mkono umevaa suti au ngozi ya chui.

Heshima bila payslip

Falme za Uganda zilirudishwa 1993, na 31 Julai mwaka huo Ronald Mutebi, mtoto wa Mutesa, akatawazwa Naggalabi, Buddo. Ankole ilinyimwa. Na waliorudi walirudi bila meno: katiba ya 1995 inawakataza siasa za vyama, na hakuna raia anayelazimishwa kumtii mfalme yeyote. Hawana jeshi, hawana korokoro.

Sasa cheki walichofanya bila hivyo vyote. Makaburi ya Kasubi yaliungua Machi 2010. Kuanzia 2013 Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Charles Peter Mayiga alizunguka na kampeni inaitwa Ettoffaali, maana yake tofali. Watu walipanga laini kutoa: wenye doh walileta doh, wenye ndizi walileta ndizi. 2023 UNESCO ikaondoa Kasubi kwa orodha ya maeneo yaliyo hatarini.

Wewe payslip yako ikikatwa 2.75% ya SHIF na 1.5% ya nyumba, kuna mtu alikuja kijijini kwenu kukuomba? Ulipiga makofi?

Kila Aprili kuna mbio za birthday ya Kabaka. Watu wananunua jezi, wanajaza Mengo, na michango imewahi kwenda kwa fistula, kwa selimundu, kwa UKIMWI. Kuna Masaza Cup, kila kaunti ya Buganda na timu yake, mashabiki kibao. Na kuna 8 Oktoba. Waganda wanaiadhimisha kama siku Buganda ilipata uhuru wake kutoka kwa Waingereza, masaa machache kabla ya Uganda. Wanaiita siku ya Bulungi Bwansi, kazi ya pamoja kwa faida ya wote. Wanafagia, wanachimba mitaro, wanasafisha chemchemi. Kesho yake, 9 Oktoba, serikali inapiga gwaride.

Siku mbili zinafuatana. Moja ina majembe, nyingine ina vifaru.

Tarehe wanazoogopa

Serikali haijaacha kuogopa. Septemba 2009 ilimzuia Kabaka kutembelea Kayunga, ndani ya Buganda yenyewe. Vijana wakamwagika barabarani, watu wasiopungua 40 wakauawa, na redio ya CBS ya Buganda ikazimwa kwa zaidi ya mwaka. Novemba 2016 jeshi na polisi walivamia kasri la mfalme wa Rwenzururu, Charles Mumbere, kule Kasese. Human Rights Watch ilihesabu zaidi ya watu 100 waliokufa, watoto wakiwemo. Miaka 50 baada ya Lubiri, kasri lingine, jeshi la taifa tena. Hiyo ndiyo kazi ya kusahau: inakuwezesha kurudia.

Na sisi? 25 Juni 2024 unaijua. KNCHR ilihesabu watu 60 hivi waliokufa kwa maandamano ya mwaka huo. 25 Juni 2025 watu walitoka tu kukumbuka. Bunge likazungushiwa seng'enge, televisheni zikaamriwa ziache kuonyesha moja kwa moja hadi mahakama ikaingilia, na vijana wengine wakauawa siku ya kukumbuka waliouawa.

Jiulize mbona dola lenye jeshi, ndege na makarao liogope mishumaa na maua. Ni juu tarehe ambayo watu wamejichagulia ni kiti ambacho serikali haijakalia. Haiwezi kuibadilisha jina mara nne. Haiwezi kukupa wala kukunyima.

Hatuna Kabaka hapa, na sikuambii tukatafute mmoja. Lakini tarehe tunaweza kuwa nazo. Ya mtaa wenu, ya beshte yenu aliyepigwa risasi, ya mzee aliyegawa shamba la shule. Iwekeni nyinyi, ifanyieni kazi ya mikono, msimwalike mhesh yeyote.

Na 24 Mei ikifika, ukiwa na beshte Mganda, mpigie simu. Mwambie unajua ni siku gani. Usishangae akinyamaza kidogo kabla ya kujibu.